Maji yale yale, vipimo vitatu, majibu matatu: ualkali wa tangi langu la matumbawe ni upi hasa?

Jirani wa Menengai (Nakuru) – Jumapili, saa 3:10 usiku

Wanajukwaa, salaam.

Nina tangi la matumbawe lenye maji halisi ya lita 240, baada ya kuondoa ujazo wa mawe na mchanga, na limetimiza mwaka mmoja na miezi minne tangu nilijaze. Kwa miezi mingi nimekuwa nikipima ualkali, yaani uwezo wa maji kumeza asidi, kwa kipimo cha kidijitali cha Hanna HI772 na kupata 8.5 dKH (digrii za ualkali) au karibu na hapo. Mwanzoni mwa mwezi huu kitendanishi chake (dawa ya kupimia) kiliisha, na wakati nikisubiri kingine nilinunua kifaa cha sirinji, kile ambacho unaweka mililita 4 za maji ya tangi kwenye kichupa, unatia matone ya kionyeshi, kisha unadondosha asidi kutoka kwenye sirinji ya mililita 1 hadi rangi ya samawati igeuke kuwa ya waridi.

Jumanne iliyopita kifaa hicho kilinipa 7.0. Nilishtuka, nikapiga hesabu ya kurudi 8.5, nikayeyusha gramu 10.8 za bikabonati ya soda na kuzimimina zote jioni ile ile. Kufikia Ijumaa ncha za matumbawe yangu mawili ya aina ya Acropora zilikuwa nyeupe kama zilizochovywa kwenye chokaa. Kwa bahati kitendanishi cha kidijitali kilikuwa kimefika, nami nikaazima pia kifaa cha matone kutoka kwa jirani. Nikachota maji mara moja kwenye kikombe kimoja na kupima kwa vyote vitatu. Sirinji ilisema 8.5. Matone yalikuwa 10, na kila tone ni 1 dKH. Kipimo cha kidijitali kilisema 9.4, na dakika tano baadaye, kwenye kichupa kile kile ambacho sikukigusa, kikasema 10.2.

Ikiwa sirinji ndiyo ya kweli, basi tangi liko sawa na matumbawe yanaumwa kitu kingine kabisa. Ikiwa matone ndiyo ya kweli, basi mimi ndiye niliyeyaunguza. Nimwamini nani?

Bi Samaki (Nakuru) – Jumapili, saa 3:48 usiku

Pole, ndugu Jirani. Kabla ya kumwamini yeyote, acha kuongeza chochote leo usiku. Tangi la lita 240 haliwezi kuishiwa na ualkali kwa siku tatu, ilhali gramu nyingine kumi zinaweza kuyamaliza hayo matumbawe. Mimi sipandishi zaidi ya 0.5 kwa siku hata ninapokuwa na hakika ya namba, na gramu 10.8 kwa jioni moja ni kupandisha 1.5 kwa mkupuo.

Nina maswali matatu. Unapima saa ngapi, na ni kabla au baada ya kuongeza dozi ya bikabonati ya kila siku? Je, unajazia maji yaliyopungua kwa mvuke kabla ya kuchota sampuli? Maji yakipungua, chumvi na ualkali vyote hukolea, na namba hupanda bila wewe kutia kitu. La tatu linaweza kuonekana dogo: unatazama rangi ukiwa wapi? Nilikaa miezi miwili nikipimia kando ya tangi, chini ya taa zile za buluu, na sikuweza kujua samawati inaishia wapi na waridi linaanzia wapi. Siku hizi ninapimia dirishani mchana, kichupa kikiwa mbele ya karatasi nyeupe.

Niongeze jambo la mji wetu huu. Kuna kipindi ualkali wangu ulikuwa unapanda wenyewe, karibu 1 dKH kwa wiki, nami sikuwa natia kitu. Nikalaumu kifaa, nikanunua kingine, nacho kikasema vile vile. Kumbe chujio langu la osmosisi lilikuwa limeharibika na nilikuwa nafidia mvuke kwa maji ya kisima cha ploti, ambayo nilipoyapima yalikuwa 9 dKH. Lita mbili na nusu kila siku ndani ya tangi la lita 150 ni ongezeko la 0.15 kwa siku, na kwa wiki umefika. Maji ya Bonde la Ufa yana bikabonati na floraidi nyingi, kila anayeishi hapa anajua meno yetu. Kwa hiyo si kila namba ya ajabu ni kosa la kipimo.

Fundi wa Kondele (Kisumu) – Jumapili, saa 4:20 usiku

Mzee, ushauri wangu ni mfupi. Rudisha kifaa cha matone kwa mwenyewe, tupa sirinji, baki na kimoja. Mtu mwenye saa tatu hajui ni saa ngapi. Mimi nina kifaa kimoja tangu nianze, na hata kama kinakosea, kinakosea vile vile kila siku, kwa hiyo nikiona namba imeshuka najua imeshuka.

Nina pia njia yangu ya kukikagua. Kaka yangu huendesha lori kutoka Mombasa, na mara mbili kwa mwaka huniletea mtungi wa lita 20 wa maji ya bahari yaliyochotwa mbali na ufuo. Maji ya bahari kuu huwa kati ya 6.5 na 7 dKH. Mara ya mwisho niliyapima nikapata 6.7, nikalala usingizi.

Mwalimu wa Maabara (Kakamega) – Jumatatu, saa 12:35 asubuhi

Nimesoma uzi huu kabla ya gwaride la asubuhi, na ninaomba nafasi niandike kwa kirefu, kwa sababu jambo hili ndilo ninalolifundisha darasani kila muhula kwa jina jingine.

Fundi amesema kweli nusu. Kipimo kinachorudia namba ile ile kina faida, lakini kurudia hakumaanishi kusema kweli. Chukueni gorogoro ya sokoni ambayo kitako chake kimegongwa kikaingia ndani. Mwenye duka akipima mahindi mara kumi, mara zote kumi zitakuwa sawa kabisa, na mara zote kumi mteja atakuwa amepunjwa. Kutazama mahindi pekee hakuwezi kukuonyesha hila hiyo. Utaijua siku utakapoyamimina kwenye mizani. Kwa hiyo Jirani ana maswali mawili tofauti: je, kila kifaa kinakubaliana na chenyewe kikirudiwa? Na je, kinakubaliana na kitu ambacho ukweli wake tunaujua tayari?

Maji ya bahari ya Fundi ni mzani mzuri wa haraka. Hata hivyo maji ya karibu na mlango wa mto au ya baada ya mvua kubwa si maji ya bahari kuu, na dereva aliyechoka anaweza kuchota popote. Mzani bora unaweza kuutengeneza jikoni, kwa sababu hesabu yake imekaa vizuri mno: miligramu 30 za bikabonati ya soda safi katika lita moja ya maji safi ni 1 dKH. Ukitaka kujua namba hiyo inatoka wapi, moli moja ya bikabonati ni gramu 84, na milikwivalenti 1 kwa lita (kwa bikabonati ni sawa na milimoli 1) ni sawa na 2.8 dKH. Gawanya 84 kwa 2.8 upate 30.

Hakuna anayeweza kupima miligramu 240 nyumbani bila kukosea, kwa hiyo tunapita njia ya kuzimua. Pima gramu 3.00 kwa mizani ya sonara, ile inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kisha yeyusha na ujaze hadi lita moja. Hayo ni maji mama ya 100 dKH. Kisha chukua gramu 40 za maji mama na ujaze maji safi hadi zifike gramu 500. Umepata 8 dKH kamili. Nimesema gramu badala ya mililita kwa makusudi, kwani mizani hukosea kidogo kuliko jicho linalotazama mstari kwenye jagi la plastiki.

Maji safi yanapatikana kwenye kituo cha mafuta, yale ya kuongezea betri za gari. Soma lebo, kwa maana kwenye rafu hiyo hiyo huuzwa asidi ya betri, na hiyo itakuunguza mikono kabla ya kuharibu kipimo. Kabla ya kuyatumia, yapime yenyewe: tone la kwanza kabisa la asidi lapaswa kugeuza rangi. Likihitajika tone la tatu au la nne, maji hayo si safi.

Sasa ndugu Jirani, nieleze polepole, kama anayemwelekeza mtoto, jinsi unavyojaza sirinji yako na jinsi unavyoisoma. Usiruke hatua yoyote.

Jirani wa Menengai (Nakuru) – Jumatatu, saa 2:05 usiku

Mwalimu, nashukuru. Bi Samaki, napima usiku baada ya chakula, wakati mwingine kabla ya dozi na wakati mwingine baada yake, na mezani kuna taa ya kawaida ila tangi liko mita moja tu. Nimeona kosa hilo. Maji yaliyopungua hujaziwa na mashine yenyewe, na yanatoka kwenye chujio ambalo nililibadilisha Januari.

Kuhusu sirinji: ninachomeka ncha ya plastiki, natumbukiza ndani ya asidi, navuta. Kati ya asidi na mpira mweusi wa pistoni hubaki hewa kidogo, nami naendelea kuvuta hadi uso wa asidi ufike kwenye mstari wa 1.00. Kisha nadondosha nikitikisa kichupa. Rangi ikigeuka, natazama ukingo wa mpira mweusi umesimama kwenye mstari gani, na hapo natafuta jibu kwenye jedwali. Jumanne ulisimama kwenye 0.56.

Kichupa nakisuuza kwa maji ya bomba baada ya kupima, na siku ya pili nakitumia kikiwa na unyevunyevu kidogo.

Mwalimu wa Maabara (Kakamega) – Jumatatu, saa 2:50 usiku

Tumempata.

Hebu tazama tena sentensi zako. Mwanzo unasoma uso wa asidi, mwisho unasoma ukingo wa mpira. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na kati yake kuna hewa iliyoingia kutoka kwenye ile ncha ya plastiki. Hewa hiyo yenyewe haina madhara, kwa sababu asidi inayotoka ni sawa na umbali ambao pistoni imesafiri. Ila ni lazima usome mahali pamoja mwanzo na mwisho, na kwa vifaa vya namna hii mahali hapo ni ukingo wa chini wa mpira mweusi.

Tuseme hewa ilikuwa mililita 0.09. Ulipofikisha uso wa asidi kwenye 1.00, mpira ulikuwa umeshafika 1.09. Ukaishia 0.56, kwa hiyo asidi uliyotumia ni 0.53, lakini ukaenda kwenye jedwali kama mtu aliyetumia 0.44. Kwa sampuli ya mililita 4, mililita 1 ya asidi ile ni takriban 16 dKH, ndiyo maana kila mstari mdogo wa 0.01 una thamani ya 0.16. Mililita 0.44 ni 7.0. Mililita 0.53 ni 8.5. Tangi lako lilikuwa mahali pake siku zote, na Ijumaa, baada ya zile gramu 10.8, lilikuwa karibu na 9.9, kama matone yalivyokwambia.

Kipimo cha kidijitali nacho hakikuwa mwongo. Mtengenezaji ameandika kwamba usahihi wake ni jumla au kutoa 0.3 pamoja na asilimia 5 ya namba iliyosomwa. Kwenye 10 dKH hiyo ni 0.8 kwenda juu au chini, kwa hiyo 9.4 na 10.2 zote ziko ndani ya ahadi yake. Isitoshe, baada ya kutia kitendanishi hupaswi kusubiri dakika tano. Asidi imeshageuza bikabonati kuwa hewa ya ukaa, hewa hiyo inatoroka polepole, pH inapanda (yaani uasidi unapungua) na rangi inasogea. Soma mara moja, kisha mwaga.

Umetaja pia kichupa chenye unyevu wa maji ya bomba. Ikiwa yamebaki mililita 0.2 za maji ya Nakuru yenye ualkali wa 8, umeongeza 0.4 kwenye jibu bila kujua, na kwa kuwa leo yanabaki matone mawili na kesho matano, ndipo namba zinapoanza kuyumba.

Fundi wa Kondele (Kisumu) – Jumatatu, saa 3:15 usiku

Hapo kwenye kichupa nina neno, Mwalimu. Ndiyo maana mimi nasuuza kichupa kwa maji ya tangi lenyewe kabla ya kupima. Kilichobaki ndani ni maji yale yale ninayoyapima, kwa hiyo hakiwezi kudhuru.

Mwalimu wa Maabara (Kakamega) – Jumatatu, saa 3:32 usiku

Kinadhuru, Fundi, na huu ndio mtego ambao watahiniwa wa KCSE huanguka kila mwaka kwenye karatasi ya vitendo. Pipeti husuuzwa kwa myeyusho utakaopimwa, chupa ya koniko husuuzwa kwa maji safi peke yake. Kwa nini? Kwa sababu kinachohesabiwa ndani ya chupa ni kiasi cha alkali kilichomo, si ukolezi wake. Ukipima mililita 4 kwa sirinji na kichupa tayari kina mililita 0.2 za maji ya tangi, una mililita 4.2 za alkali na jibu litakuwa juu kwa asilimia 5. Yakiwa yamebaki maji safi, sampuli imezimuka, lakini alkali iliyomo ni ile ile na asidi itakayohitajika ni ile ile.

Kwa hiyo, sirinji ya kuchotea sampuli isuuze kwa maji ya tangi. Kichupa kisuuze kwa maji safi na ukikung'ute. Mambo hugeuka tu pale ambapo ujazo hupimwa kwenye kichupa chenyewe, kama mililita 10 za kipimo cha kidijitali zinazofikia mstari: hapo suuza kwa maji ya tangi, kwani maji safi yaliyobaki yangechukua nafasi ya sampuli. Kichupa hicho pia kifute alama za vidole kwa kitambaa laini, na kiingie kila mara kikielekea upande ule ule.

Fundi wa Kondele (Kisumu) – Jumatatu, saa 3:40 usiku

Nimekaa. Miaka mitatu nimekuwa nikisuuza kinyume.

Mkulima wa Webuye – Jumanne, saa 7:15 mchana

Naomba kuuliza, nami bado ninajifunza. Ninacho kipimo cha pH cha kielektroniki ambacho kinasoma saa zote. Je, hakiwezi kunionyesha ualkali ukishuka, nikaepuka habari hizi za vichupa?

Bi Samaki (Nakuru) – Jumanne, saa 8:02 mchana

Hakiwezi, ndugu yangu. Nakuru usiku wa Julai tunafunga madirisha yote na sebuleni kuna jiko la makaa. pH ya tangi langu hushuka kutoka 8.2 hadi 7.8 kabla ya alfajiri, na ualkali haujasogea isipokuwa kile kidogo ambacho matumbawe yamekula. Hewa ya ukaa hubadilisha pH bila kugusa ualkali. Ukiona pH imeshuka ukatia bikabonati, utafanya alichofanya Jirani. Afadhali ufungue dirisha, na hilo jiko ulitoe nje kwa ajili yako mwenyewe, si ya samaki.

Jirani wa Menengai (Nakuru) – Alhamisi, saa 1:20 usiku

Wanajukwaa, nimerudi na namba, ila kwanza niungame aibu yangu.

Jumanne nilitengeneza maji mama. Nilichukua kopo kabatini, nikapima gramu 3.00 kwa uangalifu mkubwa huku nimeshika pumzi ili mizani isitikisike, nikatia maji, na maji yakachemka povu kama soda iliyotikiswa, kisha yakabaki meupe kama maji ya kuoshea mchele. Nilipoyazimua na kuyapima, rangi iligeuka kwenye tone la pili. Nilikaa nikitafakari hadi mke wangu alipopita, akasoma kopo, akaniuliza kwa nini natia beking pauda kwenye chupa. Beking pauda ina asidi yake ndani pamoja na wanga, na asidi hiyo ilikuwa imeshaila alkali kabla yangu. Alinipa kopo la bikabonati ya soda tupu. Mama mkwe, ambaye yuko kwetu wiki hii kutoka Mumias, alinipa pia kipande cha magadi akisema ndicho kitu chenyewe. Nikampokea kwa heshima na kukiweka kando.

Sasa namba. Maji ya betri yaligeuka kwenye tone la kwanza. Maji ya 8 dKH niliyapima mara tatu kwa sirinji, nikisoma mpira mweusi mwanzo na mwisho, dirishani, mbele ya karatasi nyeupe: 8.0, 8.2, 8.0. Kifaa cha matone kilitoa matone 8, na nilipotumia sampuli ya mililita 10 badala ya 5, ili kila tone liwe nusu dKH, yalikuwa matone 17. Kile cha kidijitali kilinichanganya kwa sababu kilisoma mbali kabisa na 8, ilhali kwenye maji ya tangi kinakaribiana na wenzake.

Tangi lenyewe, bila dozi tangu Jumapili usiku, kila siku saa 1 asubuhi kwa sirinji: Jumatatu 9.4, Jumanne 9.1, Jumatano 8.6, leo 8.3. Namba ya Jumatatu nilikuwa nimeipima kwa njia yangu ya zamani, ila nilikuwa nimeandika kila nilichokiona, kwa hiyo jioni baada ya Mwalimu kueleza niliirekebisha kwa hesabu.

Mwalimu wa Maabara (Kakamega) – Alhamisi, saa 2:10 usiku

Magadi usiyatupe, yatafaa kwenye kunde. Kwenye chupa yako hayafai kwa kuwa ni mchanganyiko wa kaboneti na bikabonati pamoja na uchafu wa ziwani, na hakuna ajuaye gramu 3 zake zina alkali kiasi gani.

Kuhusu kipimo cha kidijitali, usikilaumu. Kimeundwa kwa maji ya chumvi, na rangi ya kionyeshi hubadilika kulingana na chumvi iliyomo, nawe umekipa maji matamu. Kwa vifaa vya kudondosha asidi tofauti hiyo ni ndogo, kwa sababu kikomo ni mgeuko mkubwa wa rangi, lakini kwa mashine inayopima rangi yenyewe ni kubwa. Kikague kwa njia nyingine. Pima maji ya tangi mara tatu uchukue wastani. Kisha chukua gramu 490 za maji ya tangi, ongeza gramu 10 za maji mama ya 100 dKH, changanya, upime mara tatu tena. Jibu linalotarajiwa ni asilimia 98 ya wastani wa kwanza, ukijumlisha 2. Chumvi itakuwa karibu ile ile, kwa hiyo mashine haina kisingizio.

Angalizo moja: jaribio hili linakuambia kama mashine inaona ongezeko sawasawa. Kama inazidisha 0.3 kwenye kila jibu, haitakuonyesha hilo, na ndiyo maana unailinganisha pia na sirinji ambayo umeshaikagua.

Jirani wa Menengai (Nakuru) – Ijumaa, saa 3:05 usiku

Nimefanya. Maji ya tangi: 8.6, 8.4, 8.7, wastani 8.57. Matarajio baada ya kuongeza maji mama: 10.4. Niliyoyapata: 10.3, 10.6, 10.4. Kwa hiyo mashine inaona sawasawa, ila inakaa karibu 0.3 juu ya sirinji, nami nimeliandika hilo kwa kalamu ya wino kwenye kisanduku chake.

Kuna jambo limenifanya nicheke peke yangu. Ualkali ulikuwa unashuka kwa takriban 0.4 kila siku. Lita 240, mara 0.4, mara gramu 0.03, ni gramu 2.9 za bikabonati kwa siku. Kipimo cha dozi yangu ya kila siku, ile niliyoiacha Jumapili, ni gramu 2.9. Yaani tangi lilikuwa likila kile kile nilicholilisha, na lingeendelea hivyo kama nisingenunua kifaa kipya. Leo nimeirudisha dozi. Acropora mmoja ameanza kuweka rangi ya kahawia kwenye ncha, wa pili bado ni mweupe kwa sentimita moja hivi.

Bi Samaki (Nakuru) – Ijumaa, saa 3:30 usiku

Huyo wa pili mwache, usimkate bado. Na ukitaka shahidi wa tatu, pima kalsiamu leo na baada ya wiki moja bila kuongeza kalsiamu. Kama matumbawe yamekula jumla ya 2.8 dKH kwa wiki hiyo, kalsiamu inapaswa kuwa imeshuka karibu miligramu 20 kwa lita. Zikienda pamoja, vipimo vyako vyote viwili vinasema kweli. Kipimo cha kalsiamu nacho hukosea kwa 10 au zaidi, kwa hiyo usitarajie zilingane kwa nukta.

Fundi wa Kondele (Kisumu) – Jumamosi, saa 1:50 asubuhi

Mzee Jirani, jana nilipima mtungi wa maji ya bahari kwa kichupa kilichosuuzwa kwa maji ya betri. Badala ya 6.7 nimepata 6.4, mara tatu mfululizo. Sasa sijui kama ni kichupa, ni kifaa, au ni mahali kaka alipochota, na mizani ya sonara sina. Jumanne napita Nakuru na matatu ya asubuhi nikienda Nairobi. Niwekee nusu lita ya hayo maji ya 8 dKH.

Jirani wa Menengai (Nakuru) – Jumamosi, saa 2:15 asubuhi

Nimekuwekea kwenye chupa ya kioo, kifuniko kimekazwa ili yasipungue kwa mvuke, na tarehe iko kwenye lebo. Nimeandika pia kwa herufi kubwa kwamba si ya kunywa na si ya kukandia mandazi. Nitakungoja stendi saa nne.